Ujana wa Kopo na Afya ya Askari

Mwishoni mwa mwezi wa Novemba mwaka 2018, Rais Paul Kagame wa Rwanda alitamka hadharani kwamba mafuta ya kuchubua ngozi ni hatari kwa afya, kwamba ndani yake mna kemikali zilizopigwa marufuku, na kwamba Wizara ya Afya pamoja na Polisi ya Taifa hazina budi kulishughulikia jambo hilo upesi. Katika majuma yaliyofuata, askari polisi wakifuatana na maofisa wa Mamlaka ya Chakula na Dawa na wa Shirika la Viwango waliingia madukani, masokoni na kwenye saluni, mjini Kigali na mikoani, wakakusanya makopo, chupa na sabuni kwa maelfu. Wananchi wengi waliosikia habari ile walidhani kwamba iliwahusu wanawake tu, tena wale tu wanaotamani weupe. Dhana hiyo imeipatia biashara hii maficho mazuri kuliko ghala lolote.

Ukweli ni kwamba mwuza mafuta wa siku hizi hatamki sana neno weupe. Anauza ujana. Kopo ni lile lile, lakini sifa zake zimegeuzwa: linaondoa makunyanzi, linafuta madoa ya uzee, linarudisha mng'ao wa uso wa mtu wa miaka 20. Kwa maneno hayo mwuzaji amewapata wateja ambao zamani asingewapata, na miongoni mwao wamo wanaume. Askari anayetakiwa kunyoa ndevu kila asubuhi huota vipele vya wembe kidevuni na shingoni, na vipele hivyo vikipona huacha madoa meusi. Mwingine amesimama juani kuongoza magari kwa miaka 15, na uso wake umekauka kabla ya wakati. Wote wawili si watu wa kupenda anasa. Wanataka tu kufanana na umri wao, nao hupewa jibu la haraka na mtu wa karibu.

Sekta ya Gitega, wilayani Nyarugenge, ni mahali panapofaa kutazamwa katika jambo hili, si kwa sababu watu wake ni wakosefu kuliko wengine, bali kwa sababu ya jinsi maisha yalivyo pale. Ni miongoni mwa sekta za Kigali zenye watu wengi mno katika eneo dogo, nayo haiko mbali na Biryogo na Nyamirambo, mitaa ambayo Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za ukoloni. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na habari ya kitu kizuri hutoka mlango huu ikaingia mlango ule kabla chai haijapoa. Mahali kama hapo mtu haendi kwa daktari kuuliza habari za uso wake. Humwuliza jirani. Jirani humwelekeza kwa msusi, na msusi humchanganyia mafuta ya aina tatu au nne katika kopo moja lisilo na karatasi wala jina. Mchanganyiko huo ndio uitwao mkorogo, na jina hilo linajieleza lenyewe: hata aliyeukoroga hajui kilichomo.

Yafaa basi kuvitazama vile ambavyo wachunguzi wa nchi mbalimbali wamevikuta mara kwa mara ndani ya makopo ya namna hii. Ni vitatu, na kila kimoja kina historia yake.

Cha kwanza ni hidrokwinoni. Habari za jamii hii ya kemikali zilijulikana kwa bahati mbaya katika miaka ya 1930, huko Marekani, pale wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kutengeneza ngozi walipoona mikono yao inapoteza rangi. Madaktari walichunguza, na mwaka 1939 wakaeleza kwamba chanzo kilikuwa glavu za mpira walizovaa kazini. Mpira huo ulikuwa umetiwa kemikali iliyo ndugu ya hidrokwinoni ili usiharibike upesi. Kemikali hizi huuzuia mwili kutengeneza ile rangi nyeusi ambayo kazi yake ni kuikinga ngozi na jua. Ajali ya kiwandani ikawa fikra ya kibiashara.

Lakini ngozi ina namna yake ya kulipiza. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika habari za wagonjwa waliotumia mafuta makali ya hidrokwinoni kwa muda mrefu, ambao nyuso zao, badala ya kung'aa, zilikuwa zimeota weusi wenye kuelekea samawati, pamoja na vinundu vidogo vidogo kama mbegu, hasa kwenye mashavu na chini ya macho. Weusi huo ni mgumu mno kutibika. Mwenye kuupata huongeza mafuta akidhani hayajamtosha, na kwa kuongeza huko ndivyo unavyokolea. Afrika Kusini iliyapiga marufuku mafuta hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya na Tanzania nazo zikachukua hatua za namna hiyo katika miaka iliyofuata.

Cha pili ni zebaki, na hapa mfano ulio wazi zaidi unatoka Nairobi. Mwaka 1972 madaktari wa mji huo walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa mafigo, ule unaomvimbisha mgonjwa uso na miguu kwa sababu protini ya mwili inapotea katika mkojo. Kati ya hao 60, watu 32 walikuwa wakipaka mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Hawakuwa wameinywa. Waliipaka tu, nayo ikapenya katika ngozi hadi ikayafikia mafigo. Baadhi yao walipoacha mafuta hayo walipata nafuu.

Zebaki haimdhuru aliyejipaka peke yake. Mwaka 2010, katika majimbo ya California na Virginia huko Marekani, wachunguzi wa afya waliwapima watu wa nyumba ambamo mafuta ya aina hiyo yalitumika, wakaikuta zebaki hata katika miili ya watu ambao hawakuwahi kuyagusa, watoto wakiwemo. Ilikuwa imewafikia kupitia taulo, mashuka, mikono ya mama, na mvuke ndani ya nyumba. Askari anayeishi chumba kimoja na mke na watoto, kama wanavyoishi wengi mjini, yafaa alitafakari jambo hili kwa makini kuliko lile la madoa ya kidevuni. Kwa mujibu wa Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, nchi wanachama zilikubaliana kuyaondoa sokoni mafuta yenye zebaki, na mwaka 2023 mkutano wao uliofanyika Geneva ukakaza uzi zaidi kwa kukifuta hata kile kiasi kidogo kilichokuwa kimesamehewa.

Cha tatu ndicho kinachowahusu wanajeshi na polisi kwa namna ya pekee, na ndicho kinachozungumzwa kidogo kuliko vyote. Ni dawa za jamii ya steroidi, na hasa ile kali iitwayo klobetasoli. Hii si sumu. Ni dawa halali ya hospitali, na daktari wa ngozi huiandika kwa ugonjwa maalumu, kwa kiasi kidogo, kwa siku au majuma machache, kisha anaisimamisha. Mkononi mwa msusi wa kichochoroni dawa hiyo hiyo hupakwa uso mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka. Siku za mwanzo mtu hufurahi, kwa sababu wekundu hutoweka, vipele hulala, na ngozi huwa laini kama ya mtoto. Ulaini huo ndio ugonjwa wenyewe. Ngozi imekonda. Baadaye mishipa ya damu huanza kuonekana usoni kama nyuzi, mistari ya kuchanika hutokea mapajani na mabegani, chunusi huota kwa wingi, na ngozi hupasuka kwa jambo dogo. Aliyetaka kurudi nyuma miaka 10 hujikuta amejipatia ngozi ya babu yake.

Madhara hayo huonekana kwa macho. Yapo mengine yasiyoonekana. Juu ya mafigo ya kila mtu zimekaa tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni iitwayo kotisoli, ambayo mwili huihitaji kwa wingi wakati wa shida: mtu anapojeruhiwa, anapopasuliwa hospitalini, anapopatwa na malaria kali. Steroidi ya kopo inapopenya mwilini kila siku, tezi hizo hudhani kwamba kazi yao imefanywa na mwingine, nazo hulala. Kwa siku za kawaida mwenyewe hatambui lolote. Lakini ikitokea ajali ya gari la doria, au risasi, au upasuaji wa haraka, mwili huita msaada kwenye tezi ambazo zimesahau kazi. Shinikizo la damu huporomoka na mgonjwa huweza kufa, huku madaktari wakitafuta damu iliyomwagika mahali ambapo haikumwagika. Zaidi ya hayo, jeraha la ngozi iliyokonda hupona polepole, na mshono wa daktari hushika kwa taabu, kama uzi katika nguo iliyochakaa. Raia wa kawaida huenda akaishi miaka mingi asikutane na saa kama hiyo. Askari ameajiriwa kwa ajili ya saa kama hiyo.

Kuna tabia nyingine ndogo ambayo haina budi kutajwa hapa, maana imezoeleka mno hata haihesabiwi kuwa kosa. Askari anayevaa buti na sare nzito siku kutwa hupatwa na choa kwenye kinena, kwapani au katikati ya vidole vya miguu. Akirudi nyumbani hulikuta kopo la mke wake, na bila kuuliza hujipaka. Mwasho hutulia usiku ule ule, naye huisifu dawa. Kumbe steroidi imenyamazisha mwasho tu, na ule ukungu unaosababisha choa umepata mahali pa kuota bila kusumbuliwa, kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa. Choa husambaa, hubadilika sura, na siku anapofika kwa daktari hata daktari hupata kazi kuutambua. Makopo ya aina hii hupita kwa urahisi katika kambi na mabwenini, kwani mtu hamnyimi mwenzake mafuta.

Juu ya mafuta zimeongezeka sindano. Mtindo wa kudunga uso ili kunyoosha makunyanzi, au kuingiza damu ya mtu mwenyewe katika ngozi yake ili eti ijifufue, umeenea duniani, nao huwafikia watu wa miji ya Afrika Mashariki kwa picha na kwa masimulizi ya wasafiri. Katika mji wa Albuquerque, huko Marekani, mwaka 2018 ilifungwa saluni moja iliyokuwa ikifanya kazi hiyo bila leseni. Wachunguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina juu ya meza ya jikoni, na mingine katika jokofu pamoja na chakula. Taarifa iliyotolewa mwaka 2024 na taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilieleza kwamba wateja wa saluni hiyo waliambukizwa virusi vya UKIMWI. Ikiwa jambo hilo liliwezekana katika nchi yenye wakaguzi wengi na maabara kila mahali, ni wazi kwamba sindano ya ujana inayotolewa chumbani, na mtu ambaye vyeti vyake havijulikani, si jambo la kufanyiwa majaribio.

Rangi nyeusi ya kuficha mvi nayo haikosi hatari, ingawa ni ndogo ikilinganishwa na hizo. Ndani yake mna kemikali ambayo watu wengine huikataa mwilini, wakavimba uso na macho. Mwenye kuipaka kwa mara ya kwanza yafaa aijaribu kidogo nyuma ya sikio, asubiri siku mbili. Dakika chache hazitoshi.

Kuhusu sheria, hali ya Rwanda iko wazi. Kifungu cha 266 cha sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 2018 kinamwadhibu yule anayetengeneza, anayeuza au anayemwandikia mtu dawa, vipodozi au vitu vya usafi wa mwili vyenye kudhuru afya, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 hadi 2 na faini ya faranga 3,000,000 hadi 5,000,000. Hata hivyo bidhaa zinaendelea kuingia. Polisi hutangaza mara kwa mara kwamba wamekamata mafuta ya magendo yaliyovushwa kutoka Kongo, hasa upande wa Rubavu na Rusizi, yakiwa yamefichwa katika mizigo mingine au yamefungwa mwilini mwa wachukuzi. Mlanguzi hutegemea jambo moja: kwamba askari anayekagua mzigo atakiona kipodozi kuwa ni kosa dogo, jambo la kike, lisilostahili kumkawiza mtu njiani. Askari aliyeona picha ya figo zilizoharibiwa na zebaki hawezi kuwa na fikra hiyo. Na yule ambaye kopo la aina hiyo liko nyumbani kwake, juu ya meza ya kioo, yuko katika nafasi ngumu anaponyoosha mkono kumkamata mama mwenye makopo matano kwenye kikapu.

Lakini haitoshi kukataza. Mtu anayeona uso wake unachakaa ana haki ya kupata msaada, na msaada upo. Kigali iko takriban nyuzi 2 kusini ya ikweta, tena katika mwinuko wa kiasi cha meta 1,500, ambapo jua hupiga kwa ukali hata siku ya mawingu na ya baridi. Jua hilo ndilo linalozeesha ngozi kuliko miaka yenyewe. Kofia yenye ukingo, kivuli inapowezekana, na mafuta ya kukinga jua yaliyonunuliwa katika duka la dawa lenye leseni hufanya kazi kubwa kuliko kopo lolote la mkorogo. Kwa vipele vya wembe, mara nyingi daktari huanza kwa kubadili tu namna ya kunyoa. Kwa makunyanzi na madoa ya jua kuna dawa iitwayo tretinoini, ambayo tangu miaka ya 1980 imechunguzwa sana na kuonekana kusaidia. Hiyo nayo hutaka usimamizi, kwa kuwa huichoma ngozi ikitumiwa ovyo, na mwanamke mjamzito hushauriwa asiitumie.

Mahali pa kwenda hapako mbali. Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, ambayo wenyeji huiita CHUK, imo mumo humo mjini, na huko Kanombe ipo Hospitali ya Jeshi. Wanajeshi na askari polisi wana bima yao ya MMI. Bima hailipii urembo, lakini choa, vipele vya wembe na ngozi iliyoharibiwa na mafuta ni magonjwa, na mwenye ugonjwa hutibiwa.

Limebaki jambo moja la hatari, nalo linamhusu yule ambaye tayari ametumia mkorogo kwa muda mrefu na ambaye, baada ya kuyasikia haya, angependa kulitupa kopo usiku huu huu. Ikiwa ndani yake mna zebaki, kuacha mara moja ni vema, wala kopo hilo lisichomwe moto wala lisiachwe mahali pa watoto. Ikiwa mna steroidi, kuacha ghafula baada ya miezi au miaka huweza kuuwasha uso kama moto, na katika mwili ambao tezi zake zimelala huweza kuleta udhaifu mkubwa, kutapika na kuzimia. Kwa kuwa mwenyewe hajui kilichomo, hana budi kwenda kwa daktari mapema iwezekanavyo. Alifunge kopo katika mfuko wa plastiki, aende nalo, na aseme bila haya amelipaka kwa muda gani na sehemu zipi za mwili. Na akipatwa na ajali au akilazwa kwa ajili ya upasuaji kabla ya hapo, yeye au mkewe amweleze daktari habari hiyo kwanza, kabla ya maswali mengine yote.